Kuipa "Malaika" sura mpya kwa gitaa kavu na sinthesaiza

Wimbo ambao kila mtu anaujua una faida kubwa kwa mpangaji wa muziki: msikilizaji tayari anao kichwani. Mpigie noti chache za mwanzo, zilizobaki atamalizia mwenyewe. Ndiyo maana kuurudia wimbo wa namna hiyo ni kazi ya kupunguza kuliko kuongeza. Mtu anayekesha na laptopu akirundika vinanda saba juu ya ngoma nne, asubuhi hujikuta na wimbo uleule wa zamani, ila wenye kelele zaidi.

Tutafanya mazoezi kwa "Malaika", kwa sababu kadhaa. Fadhili William aliirekodi Nairobi karibu na mwaka 1960. Miriam Makeba akaizungusha duniani, na ipo kwenye albamu aliyoifanya na Harry Belafonte mwaka 1965. Kundi la Boney M. liliitoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo akaiweka kwenye albamu yake ya Logozo ya mwaka 1991. Kila mmoja aliivalisha kivyake na haikuharibika, dalili kwamba mifupa yake ni imara. Tena kodi zake (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni tatu tu, hivyo hata aliyejifunza gitaa mwaka huu anaweza kutufuata.

Vifaa: gitaa kavu (galatoni, kama wazee wanavyoliita) lenye nyuzi zisizo na kutu, kapo (kibanio cha shingo ya gitaa kinachopandisha sauti ya nyuzi zote), kompyuta, maiki moja na kadi ya sauti ya kuiunganisha. Sinthesaiza ya mezani, yaani kinanda kinachozalisha sauti kwa umeme, si lazima. Surge XT ni programu ya bure kabisa, na Vital ina toleo la bure. Zote mbili zinafanya kazi ndani ya FL Studio, Reaper au programu nyingine ya kurekodia uliyoizoea. Kibodi ndogo ya oktava mbili inatosha kwa kila kitu kilichomo humu.

Hatua ya 1: Uimbe bila chochote

Sikiliza matoleo mawili matatu siku moja, kisha yafunge. Usiyarudie hadi la kwako lisimame, la sivyo utajikuta unaiga hata pale Makeba anapovuta pumzi. Siku inayofuata zima kila kitu, keti, uimbe wimbo wote mkavu huku simu inakurekodi. Usipige meza wala usitikise mguu.

Rekodi hiyo itakuonyesha mambo ambayo gitaa huwa linayaficha. Kwanza ni mwendo wako wa asili. Chukua programu ya metronomu (inayohesabu mapigo) yenye kitufe cha kugonga, gonga kwa kufuata uimbaji wako, kisha soma namba inayotokea. Kwa mfano wetu tuseme ni mapigo 80 kwa dakika. Huenda wako ni 72 au 88, na huo ndio utakaoutumia. Usiulazimishe mwendo wa toleo la mtu mwingine.

Pili ni nafasi tupu. Neno la kwanza la wimbo huvutwa, halafu kunabaki uwazi kabla ya maneno yanayofuata. Uwazi kama huo unajirudia sehemu kadhaa. Chapisha maneno kwenye karatasi na kila penye uwazi chora mstari wa wima. Mistari hiyo ndiyo ramani ya sinthesaiza. Mahali pengine popote mwenye haki ni mwimbaji.

Tatu, angalia beti. Ziko fupi, na kila mmoja umejengwa juu ya kitu chake: malaika, pesa, kidege. Kila ubeti unaishia kwenye kilio kilekile cha kijana anayependa lakini hana mali ya kuolea. Kwa mpangaji hii ni bahati: vitu vitatu tofauti vinadai mazingira matatu tofauti ya sauti, na kilio kinachojirudia kinakupa mahali pa kurudi nyumbani kila mara.

Hatua ya 2: Ufunguo, kapo na mtego wake

Tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo na uiimbe kwa sauti ya kawaida ya chumbani. Ikiwa shingo inakaza, shusha ufunguo, yaani kimo cha wimbo mzima. Toleo la gitaa na sinthesaiza lina vyombo vichache, hivyo sauti inayobanwa haina pa kujificha. Mimi hushusha zaidi ya inavyohitajika, kwa sababu mwimbaji aliye chini kidogo ya eneo lake la starehe huongea badala ya kupiga kelele, na wimbo huu unataka mtu anayeongea.

Tuseme umetua kwenye A. Kwenye gitaa, weka kapo freti ya 2 (nafasi ya pili kwenye shingo ya gitaa) na upige maumbo ya G, C na D. Vidole vinacheza G lakini kinachosikika ni A; umbo la C linasikika D, na umbo la D linasikika E. Hapa ndipo watu wawili wanapogombana kwenye mazoezi: mpiga gitaa anaita "nenda C", mpiga kinanda anabonyeza C kweli, na chumba kizima kinakunja uso. Kubalianeni mapema kwamba majina yanayotajwa ni ya sauti halisi: A, D, E. Ukifanya kazi peke yako andika safu mbili kwenye karatasi, ya umbo na ya sauti. Sinthesaiza nyingi zina kitufe cha kupandisha nusu hatua mbili (sawa na freti mbili) ili vidole vyako vicheze G kote kuwili. Kitumie ukitaka, lakini kumbuka kukizima kabla ya wimbo unaofuata jukwaani.

Hatua ya 3: Gawa kazi kabla ya kugusa chombo

Gitaa linashika saa, sinthesaiza inashika chumba. Gitaa hueleza mapigo yako wapi na kodi ni ipi. Sinthesaiza hueleza tuko wapi, ndani au nje, mbali au karibu. Vyombo hivi vikianza kufanya kazi moja, kimoja kati yake hakihitajiki, na mara nyingi ni sinthesaiza.

Kwa masafa (yanapimwa kwa Hz, idadi ya mitikisiko kwa sekunde: ndogo ni sauti nzito, kubwa ni nyembamba) inakuwa hivi. Kwa kapo freti ya 2, noti ya chini utakayotumia kwenye gitaa karibu wimbo wote ni A ya 110 Hz. Chini ya hapo ni eneo la besi ya sinthesaiza, yaani A ya 55 Hz. Kati ya 110 na takribani 300 Hz mwachie gumba la mpiga gitaa. Pedi, ile sauti ndefu iliyotandazwa nyuma, iweke kuanzia E ya 330 Hz hadi A ya 440 Hz. Na sehemu inayobeba konsonanti za mwimbaji, kati ya 2,000 na 4,000 Hz, sinthesaiza isiingie kabisa isipokuwa kwa makusudi na kwa muda mfupi.

Hatua ya 4: Gitaa, gumba na kidole cha shahada

Usisugue nyuzi zote kwa pamoja. Kusugua kunajaza nafasi yote na kuifukuza sinthesaiza mlangoni. Donoa.

Afrika Mashariki na Katanga ya Kongo tuna urithi mkubwa wa udonoaji, na sioni sababu ya kwenda kuutafuta kwingine. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, na bado unasikia besi na melodi zinazungumza kila moja kwa wakati wake. Magharibi mwa Kenya George Mukabi na wenzake wakaukuza mtindo wa omutibo, ambao chupa ya soda inakwaruzwa kushika mwendo. Kwa wimbo uliozaliwa enzi hizohizo, lugha hiyo inakaa mahali pake.

Anza na mchoro huu, ukihesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Kwa umbo la G: "moja" gumba uzi wa 6, "na" kimya, "mbili" gumba uzi wa 4, "na" shahada uzi wa 2, "tatu" gumba uzi wa 6, "na" shahada uzi wa 1, "nne" gumba uzi wa 4, "na" shahada uzi wa 2. Kwenye umbo la C gumba lihame kati ya uzi wa 5 na wa 4, na kwenye D kati ya uzi wa 4 na wa 3. Kile kimya baada ya "moja" usikijaze. Ndicho kinachoufanya mchoro upumue, na ndipo silabi nyingi za mwimbaji zinapopita bila kusukumana na uzi.

Piga kwa mapigo 50 kwa dakika hadi gumba lisahau kwamba linafanya kazi, ndipo upande taratibu hadi 80. Jaribio la kujua uko tayari ni rahisi: simulia ulichokula jana huku unapiga. Gumba likisita unaposema "maharage", bado.

Halafu zuia kidogo nyuzi za besi kwa ubavu wa kiganja, pale zinapokutana na daraja la gitaa. Besi inakuwa fupi na kavu, na inamwachia mwenzake mkia wa sauti.

Hatua ya 5: Kodi, badilisha moja tu

Kishawishi kikubwa ni kuzipamba kodi: kuongeza noti ya saba huku na ya tisa kule hadi wimbo unuke jazi ya hotelini. Jizuie. Kodi tatu za "Malaika" ni sehemu ya usemi wake. Kijana hana kitu, na muziki wake hauna mapambo.

Fanya badiliko moja, na ulifanye mahali panapouma. Mwisho wa kila ubeti wimbo unatua nyumbani, kwenye A. Katika ubeti wa pesa, na huo tu, usitue A. Tua F# ndogo, yaani minor (kwenye gitaa ni umbo la E ndogo). Noti mbili kati ya tatu za A zimo ndani ya F# ndogo, kwa hiyo melodi haivunjiki, ila sakafu imehama. Msikilizaji anayeujua wimbo alikuwa anakusubiri nyumbani. Sasa anakukuta nje ya geti. Acha kodi hiyo ikae vipimo viwili kamili (mapigo manane), halafu ingia ubeti wa kidege. Mwisho wa wimbo utatua A kama kawaida, na itasikika tamu kuliko ingesikika bila ile hila.

Ukiirudia hila hiyo mara mbili, imekwisha nguvu.

Hatua ya 6: Tengeneza sauti tatu za sinthesaiza

Usianze kwa kuzunguka kwenye maktaba ya sauti mia tano zilizotengenezwa tayari. Utapoteza jioni, na sauti nyingi kati ya hizo zimetengenezwa zivutie zikiwa peke yake. Ukiziweka chini ya gitaa zinalimeza. Fungua programu, chagua sauti tupu ya kuanzia, ujenge mwenyewe.

Ya kwanza ni pedi. Chukua osileta mbili (sehemu zinazozalisha sauti yenyewe), zote zitoe wimbi la msumeno. Moja ipandishe senti 6 na nyingine ishushe senti 6 (senti 100 ni nusu hatua moja), ndipo joto la vinanda vya miaka ya 1980 linapoanza kusikika. Kisha filta ya kupitisha sauti za chini: ishushe hadi karibu 800 Hz ili makali yaondoke. Kwenye umbo la sauti, muda wa kuingia uwe kati ya milisekunde 600 na 1,000, na muda wa kufifia baada ya kuachia kitufe uwe sekunde mbili. Mwisho, iache filta ipande na kushuka kidogo sana, mzunguko mmoja kwa sekunde kumi hivi. Msikilizaji hataitambua, lakini pedi isiyotikisika kabisa humchosha sikio bila kujua kwa nini.

Sasa cheza noti mbili tu: E na A. Usicheze C#. Ile noti ya katikati inayosema kodi ni kubwa au ndogo mwachie gitaa na mwimbaji. Shikilia noti hizo mbili, halafu sikia gitaa linapopita chini yake. Juu ya A zinakaa nyumbani. Juu ya D, ile E inaongeza utamu kidogo. Shida ni moja, gitaa linapofika E: ndani ya kodi hiyo mna G#, na A yako iko nusu hatua tu juu yake. Zinasuguana. Hapo achia kidole cha A, bakiza E peke yake, na gitaa likirudi nyumbani ukirudishe. Kazi yote ya mkono wa kulia kwa wimbo mzima ni hiyo: kidole kimoja kinachonyanyuka na kurudi. Na kwa kuwa sauti inachukua sekunde mbili kufifia, kinyanyue pigo moja zima kabla ya kodi kubadilika. Ukinyanyua pamoja na gitaa utakuwa umechelewa.

Ya pili ni mapigo ya ubeti wa pesa. Osileta moja, wimbi la mraba, muda wa kuingia sifuri, sauti ife ndani ya milisekunde 150. Noti ni A moja ya chini, inayopigwa mara mbili katika kila pigo, ubeti mzima, bila kubadilika: inagonga mlango kama mdai. Anza na filta ikiwa 300 Hz, uifungue taratibu hadi 1,500 Hz kufikia mwisho wa ubeti. Kwenye kompyuta chora mstari unaopanda. Jukwaani zungusha nobu kwa mkono. Ukifika ile F# ndogo, ikate ghafla. Kimya kinachofuata kitakuwa kizito kuliko ngoma yoyote ambayo ungeweza kuweka hapo.

Ya tatu ni kengele ya ubeti wa kidege. Sauti za kengele zenye ubaridi wa kioo zilienea katika muziki wa pop baada ya Yamaha kutoa DX7 mwaka 1983, na programu ya bure iitwayo Dexed inaiga chombo hicho. Tumia kengele moja laini, oktava mbili juu ya pedi, na uigonge kwenye ile mistari ya wima uliyochora kwenye karatasi, si penginepo. Mbili au tatu katika ubeti mzima zinatosha. Ukianza kuiga mlio wa ndege utachekesha.

Besi ya 55 Hz sijaisahau. Wimbi la sini, noti ndefu, na inaingia mara moja tu: katika kilio cha mwisho. Mpaka hapo msikilizaji hajui kwamba alikuwa akiikosa.

Hatua ya 7: Panga safari

Mwanzo: gitaa peke yake, vipimo vinne, bila melodi. Watu hupenda kuanza na melodi maarufu ili hadhira ishangilie mapema, lakini ukiificha, mwimbaji anapotamka neno la kwanza ndipo wanatambua ni wimbo gani, na hapo utasikia chumba kikiguna.

Ubeti wa malaika: gitaa na sauti. Pedi iingie mwisho wa mstari wa pili, chinichini. Ubeti wa pesa: mapigo yanaingia, pedi inatoka. Ubeti wa kidege: gitaa linanyamaza kabisa. Sauti, pedi na zile kengele mbili tatu. Najua mpiga gitaa hapendi kukaa mikono mapajani, hasa akiwa ndiye mwimbaji, lakini bila mapumziko hayo gitaa linageuka mandhari ambayo masikio yameacha kuyasikia. Linaporudi kwenye kilio cha mwisho, pamoja na besi, kila uzi unasikika upya.

Malizia kwa gitaa, au kwa pedi inayofifia, chagua kimoja. Kupiga solo ndefu mwishoni ni ruhusa kama solo hiyo inasema kitu. Nyingi hazisemi.

Hatua ya 8: Kurekodi nyumbani

Badilisha nyuzi siku moja kabla, si saa moja kabla, maana nyuzi mpya hulegea. Kaza kwa kutumia programu ya simu iliyowekwa A = 440 Hz, na urudie baada ya kufunga kapo, kwa sababu kapo huvuta nyuzi. Sinthesaiza ya kompyuta haikosei tuni hata chembe, hivyo kosa dogo la gitaa ambalo ukiwa peke yako lingevumilika, hapa litasikika.

Maiki iweke sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye gitaa, ikielekea pale shingo inapokutana na mwili, karibu na freti ya 12. Ukiielekeza kwenye tundu utapata mngurumo mzito unaogombana na kila kitu. Chumba chenye kitanda, nguo na mapazia ni studio nzuri kuliko sebule yenye vigae. Zima feni. Kama paa ni la bati na wingu limeshika, ahirisha.

Mpangilio wangu ni huu: weka metronomu, rekodi gitaa na sauti ya muda ili zikuongoze, kisha gitaa la kweli, kisha sauti ya kweli, na sinthesaiza mwisho kabisa. Ukirekodi pedi mwanzoni, mwimbaji ataiegemea na kuanza kuvuta noti ili zilingane nayo. Acha sinthesaiza imfuate mtu.

Hatua ya 9: Kuchanganya sauti

Kata sauti za gitaa zilizo chini ya 90 Hz. Hakuna muziki huko, ni mitikisiko ya meza na magari. Shusha pedi hadi usiisikie kabisa, kisha ipandishe mpaka uanze kuihisi tu, uishie hapo. Ukijikuta unasema "pedi hii nzuri sana", iko juu mno.

Mwangwi unaojirudia uendane na mwendo. Gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo upate urefu wa pigo moja kwa milisekunde: kwa 80 ni 750, nusu yake 375, robo tatu yake karibu 562. Weka 562 kwenye sauti ya mwimbaji, kwa kiwango cha chini, na uiwashe kwenye maneno ya mwisho wa mistari peke yake. Gitaa usiliwekee mwangwi huo hata kidogo, utauchafua mchoro wa gumba.

Kisha jaribu kwa spika ya simu. Wengi wa wasikilizaji wako watausikia huko, au kwenye daladala na matatu. Spika moja huunganisha kushoto na kulia, na pedi zilizotanuliwa sana kwa athari za kuongeza upana huweza kufutana na kutoweka. Ikitokea, punguza upana hadi irudi. Besi ya 55 Hz haitasikika kwenye simu, na si kosa. Lakini kama kilio cha mwisho kinakosa nguvu bila hiyo, ongeza noti ileile oktava moja juu kwa sauti ndogo.

Hatua ya 10: Kabla ya kuutoa

Ukiupiga ukumbini, kibali cha muziki kwa kawaida ni jukumu la mwenye ukumbi. Ukiurekodi na kuusambaza ni jambo jingine, na "Malaika" ni mfano mgumu, kwa sababu umiliki wake una mabishano ya miaka mingi. Fadhili William ndiye anayetajwa mara nyingi, lakini wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania kuwa ndiye mtunzi, na majina mengine pia yametajwa. Usidanganywe na wanaosema wimbo ni wa zamani kwa hiyo ni wa wote. Kwa sheria za Kenya na Tanzania, hakimiliki ya utunzi hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Fadhili William alifariki mwaka 2001. Piga hesabu mwenyewe.

Tanzania ulizia ofisi ya hakimiliki, COSOTA, Kenya ulizia Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Watakuelekeza kwa anayesimamia haki hizo. Uliza mambo mawili kwa kutenganisha: kibali cha kurekodi na kusambaza sauti, na kibali cha kuweka wimbo kwenye video. Kimoja hakibebi kingine. Kama umebadilisha maneno, au umeyatafsiri, litaje mapema, kwa kuwa hilo nalo linahitaji ruhusa yake. Usitangaze tarehe ya kutoa kabla majibu hayajarudi. Jina lako liandikwe kwenye nafasi ya mwimbaji na mpangaji. Nafasi ya mtunzi si yako, hata kama hukubakiza noti moja ya gitaa la mwanzo.